Chumvi ya Majivu, Chumvi ya Duka

Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, chumvi katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria ilikuwa kitu cha kusafiria, au cha kutengeneza kwa jasho, au cha kukosa. Bahari ilikuwa mbali, na misafara iliyopanda bara ilibeba hasa nguo, shanga na nyaya, bidhaa ambazo thamani yake iliushinda uzito wake. Chumvi iliyoliwa bara ilitoka bara, na mahali ilikotoka palijulikana kwa majina.

Upande wa Tanzania ya leo jina kubwa lilikuwa Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mito Rusugi na Malagarasi. Wanaakiolojia waliochimba huko katika miaka ya 1960 waligundua kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo. Richard Burton alipopita mwaka 1858, chumvi ya Uvinza ilikuwa imeshajijengea sifa katika nchi zote za kandokando ya Ziwa Tanganyika. Kiangazi kilipoingia watu walikuja kutoka pande nyingi, wakapiga kambi, wakachemsha, wakatoa ushuru kwa watawala wa Uvinza, kisha wakarudi makwao na mizigo. Kaskazini, katika Uganda ya leo, palikuwa na ziwa la Katwe lililomo ndani ya kreta, na kijiji cha Kibiro kando ya Ziwa Albert, ambako wanawake walichuja udongo wenye chumvi na kuyachemsha maji yake kwa karne nyingi. Thamani ya mali hiyo inaonekana katika siasa za wakati ule: Frederick Lugard alipofika Katwe mwaka 1891 alijenga ngome papo hapo, kwa sababu aliyelishika ziwa lile alikuwa ameshika mkoba wa biashara ya eneo zima.

Waliokaa mbali na vyanzo hivyo, au wasio na cha kubadilishana, walitumia majivu. Matete, magugu ya majini, mabua na maganda ya maharage yalikaushwa yakachomwa. Majivu yakajazwa katika chungu kilichotobolewa chini, maji yakamiminwa juu yake, na yaliyochuruzika yakakingwa. Maji hayo ya rangi ya chai, ambayo Waluhya wa magharibi mwa Kenya huyaita musherekha, yalitiwa moja kwa moja katika mboga ngumu au chungu kama kunde, mlenda na mnavu, yakazilainisha na kuzikolea. Penye subira na kuni za kutosha yalichemshwa mpaka yakauke, ikabaki chumvi ya kijivu yenye ukali wake.

Yaliyomo ndani ya chungu hicho ndiyo yanayoifanya habari hii iwahusu madaktari. Chumvi ya bahari na ya Uvinza ni kloridi ya sodiamu. Majivu ya mimea ni kitu kingine: mimea hukusanya potasiamu kwa wingi na sodiamu kidogo tu, na ikichomwa potasiamu hiyo hubaki ndani ya jivu. Jamii zilizokolea chakula kwa majivu zilikuwa, bila kujua, zikiongeza potasiamu mahali ambapo leo huongezwa sodiamu. (Magadi yasichanganywe na majivu, ingawa jikoni kazi yao inafanana. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa yamejaa sodiamu.)

Madini haya mawili huvutana mwilini. Sodiamu huvuta maji. Ikizidi, ujazo wa damu huongezeka na moyo hulazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi katika mishipa ileile. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa. Kwa binadamu ambaye kwa vizazi vingi alipata sodiamu kwa shida, figo zimezoea kuibana kuliko kuitapanya, na homoni ya aldosteroni husimamia ubanaji huo. Potasiamu hufanya kinyume: husaidia figo kuachia sodiamu na mishipa kulegea. Anayekula chumvi nyingi na mboga kidogo huwa ameelemea upande mmoja wa mizani mara mbili. Hata hivyo watu hawalingani. Wapo ambao shinikizo lao la damu hupanda mara chumvi inapoongezwa, na wapo ambao halitikisiki sana, na tofauti hiyo hukua kadiri umri unavyosogea na figo zinavyochoka.

Reli ilibadilisha bei kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, wakiongozwa na matajiri kama Allidina Visram aliyeanzia Bagamoyo na kueneza maduka yake hadi Kisumu na Uganda, walipeleka bara chumvi, sukari, sabuni na viberiti. Upande wa Wajerumani, chemchemi za Uvinza ziligeuzwa kiwanda mwanzoni mwa karne ya 20, na reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya walowezi, migodi na makampuni ya reli yalikuwa yakiwapa vibarua posho, yaani unga, na pamoja na unga kipimo cha chumvi. Kijana aliyetoka kwenye chungu cha majivu aliweza, katika mkataba mmoja wa kazi, kupata chumvi nyeupe nyingi kuliko aliyopata mama yake kwa miaka. Aliporudi kijijini alirudi nayo kama zawadi, na ilipokelewa kwa furaha. Kiswahili chenyewe kimehifadhi heshima hiyo: mzee aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Msemo huo unahesabu umri kwa kitu ambacho madaktari wa baadaye wangekihesabu upande wa hasara.

Wakati chumvi hiyo ikienea bara, kipimo cha shinikizo la damu nacho kilikuwa bado kipya hata Ulaya. Scipione Riva-Rocci wa Italia alitangaza mkanda wa kufunga mkononi mwaka 1896, na Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha mwaka 1905 jinsi ya kusikiliza mapigo kwa kifaa cha daktari huku mkanda ukilegezwa. Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1904, Ambard na Beaujard wa Ufaransa waliripoti kwamba kupunguza chumvi kulishusha shinikizo la baadhi ya wagonjwa wao. Wazo hilo lilisifiwa, likapingwa, likasahaulika kwa muda.

Mnamo miaka ya 1920 kipimo hicho kilifika Kavirondo Kusini, eneo la Kisii na jirani zake, mikononi mwa daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa C. P. Donnison. Mwaka 1929 alichapisha matokeo yake katika jarida la Lancet. Alikuwa amepima watu wapatao 1,000, na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa ndani ya miaka miwili hakukutana na hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la juu. La kushangaza zaidi lilikuwa mwenendo wa umri. Vijana walilingana na Wazungu wa rika lao, lakini baada ya miaka 40 njia ziliachana: shinikizo la Mzungu liliendelea kupanda, la mwenyeji lilitulia au kushuka. Tangu hapo dhana kwamba shinikizo lazima lipande mtu anapozeeka, kama mvi zinavyoota, haikuwa na mguu wa kusimamia.

Donnison aliona sawasawa, akaeleza vibaya. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1937 aliitupia lawama mihangaiko ya ustaarabu, yaani akili ya mtu aliyeng'olewa katika desturi zake. Chungu cha jikoni hakukipa nafasi kubwa. Maelezo yake yana harufu ya zama zake, ambapo Mwafrika wa kijijini alichorwa kama mtu asiye na wasiwasi. Yeyote anayejua miaka ile ya kodi ya kichwa, kazi za shuruti na njaa atalitilia shaka hilo. Takwimu zake, lakini, zimesimama vizuri kuliko nadharia yake.

Mwaka uleule wa 1929 aliwasili Kenya daktari mwingine Mwingereza, Hugh Trowell, ambaye baadaye alihamia Uganda na kufanya kazi katika hospitali ya Mulago na chuo cha Makerere. Trowell alikaa muda mrefu kiasi cha kuona hali ikigeuka mbele ya macho yake. Ugonjwa wa shinikizo la juu ambao katika miaka ya mwanzo madaktari wa Afrika Mashariki waliuona kwa nadra sana ulikuwa, alipoondoka mwishoni mwa miaka ya 1950, jambo la kawaida katika wodi za Kampala. Watu walikuwa walewale kwa nasaba. Kilichobadilika katika miaka 30 kilikuwa sahani, kazi na makazi.

Ushahidi wa wazi ulitoka pia jeshini. Katika miaka ya 1960 Gerald Shaper wa Makerere na wenzake waliwafuatilia vijana wa Kisamburu walioacha ufugaji wakaandikishwa katika jeshi la Kenya. Nyumbani walikuwa wamelelewa kwa maziwa, nyama na damu, bila desturi kubwa ya chumvi. Kambini walikula chakula cha askari, chenye chumvi ya kutosha na zaidi, na shinikizo lao likapanda. Hawa walikuwa wanaume wakakamavu, wanaofanya mazoezi kila siku, kwa hiyo uvivu hauwezi kusingiziwa.

Bado lilibaki swali la mfuatano: kipi kilitangulia kipi? Kumpima mtu wa kijijini leo na mtu mwingine wa mjini kesho hakutoshi, kwa sababu pengine wanaohamia mjini ni watu wa aina tofauti tangu awali. Neno hilo lilipewa jibu bora na utafiti wa wahamiaji wa Kijaluo, ulioendeshwa na Neil Poulter, Peter Sever na wenzao wa London na Nairobi katika miaka ya 1980, na kuchapishwa kwa ukamilifu mwaka 1990. Walianza vijijini, karibu na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Victoria, ambako shinikizo lilikuwa bado la chini na halikupanda sana kwa umri. Kisha wakawasubiri vijana Nairobi. Wahamiaji 325 waliofika jijini walilinganishwa na wenzao 267 waliobaki, wa umri, jinsia na mahali pamoja, nao wakapimwa mara kwa mara kuanzia mwezi wa kwanza hadi mwaka wa pili.

Tofauti haikusubiri miaka. Ilionekana mapema tu baada ya kuhamia, na haikuwahusu wachache waliougua: kundi zima la wahamiaji lilikuwa limesogea juu kidogo, wa chini na wa juu kwa pamoja. Mkojo wao, ambao ndio shahidi mwaminifu wa kilicholiwa kuliko kumbukumbu ya mlaji, ulionyesha sodiamu imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu. Mapigo ya moyo nayo yalikuwa ya kasi zaidi, dalili kwamba mishipa ya fahamu ilikuwa katika tahadhari. Donnison hakukosea kabisa, basi. Jiji lina namna yake ya kumweka mtu roho juu. Lakini mtu huyohuyo alikuwa pia amebadilisha jiko: mkate na chai asubuhi, chakula cha kibandani mchana, mchuzi uliokolezwa kwa mkono usio wa nyumbani, na mboga za majani ambazo shambani huchumwa bure na mjini hununuliwa fungu kwa fungu.

Wakati utafiti huo ukiendelea, wataalamu wengine walikuwa wakitafuta picha ya dunia nzima. Mradi wa INTERSALT, uliotoa matokeo mwaka 1988, ulipima watu 10,079 katika vituo 52 vya nchi 32, na kimojawapo kilikuwa kijijini Kenya. Huko wakazi walitoa kwa siku sodiamu inayolingana na chumvi ya kama gramu 3, na shinikizo lao la wastani, kipimo cha juu, lilikuwa karibu 110. Tianjin nchini China chumvi ilifikia gramu 14 hivi. Upande wa mwisho kabisa walikuwa Wayanomami wa Brazili, ambao mkojo wao ulikuwa na sodiamu isiyofaa hata kuhesabiwa, na ambao wazee wao walikuwa na shinikizo la vijana. Wakosoaji walisema, na walikuwa na hoja, kwamba ukiviondoa vituo vinne vya watu wa mbali, kikiwemo cha Kenya, uhusiano kati ya chumvi na wastani wa shinikizo katika vituo 48 vilivyobaki hufifia. Uhusiano ulioendelea kusimama ulikuwa ule wa chumvi na upandaji wa shinikizo kwa umri, jambo lilelile lililomshangaza Donnison Kisii miaka 60 nyuma.

Chumvi, hata hivyo, si sahani yote. Mwaka 1996 Lancet ilichapisha utafiti wa Lugalawa, uliolinganisha vijiji viwili vya kusini mwa Tanzania vilivyofanana kwa mengi. Wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa walikula samaki wabichi wa ziwani kwa wingi. Wale wa milimani Lugalawa walikula nafaka na mboga, karibu bila nyama wala samaki. Anayedhani mboga pekee ndiyo kinga angetarajia wa milimani washinde. Walioonekana na shinikizo la chini walikuwa wavuvi. Watafiti waliyaelekeza macho yao kwenye mafuta ya samaki, ambayo damu ya wavuvi hao ilikuwa nayo kwa wingi. Samaki wabichi wasichanganywe na ng'onda au papa mkavu wa Pwani, ambao chumvi ndiyo iliyowawezesha kudumu safarini bila kuoza, na ambao hubeba chumvi hiyo hadi mchuzini wasiporowekwa vizuri.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1997 na Richard Cooper na wenzake, ulimaliza mabishano ya nasaba kwa upande wa Afrika Magharibi. Watu wenye asili moja ya mababu walipimwa kwa njia ileile: Afrika Magharibi wenye shinikizo la juu walikuwa asilimia 16, visiwa vya Karibi asilimia 26, na kitongoji kimoja cha Chicago asilimia 33. Kadiri walivyokuwa mbali na shamba, ndivyo uzito na chumvi vilivyoongezeka, na shinikizo likafuata.

Mwaka huohuo majaribio ya lishe yaitwayo DASH nchini Marekani yalionyesha njia ya kurudi. Washiriki 459 walipewa chakula kilichopikwa na watafiti wenyewe. Kundi lililokula matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa na maziwa yasiyo na mafuta mengi, kwa kiwango kilekile cha chumvi, lilishuka shinikizo. Kwa waliokuwa tayari na shinikizo la juu kipimo cha juu kilipungua kwa milimita 11 za zebaki, kiasi kinachokaribia cha dawa moja. Awamu ya pili, ya mwaka 2001, ilipunguza pia chumvi, na mteremko ukazidi. Chakula hicho chenye jina la kitaalamu kingemshangaza bibi wa Nyanza wa mwaka 1920 kwa jambo moja tu: kwamba kulihitajika majaribio.

Afrika Mashariki wakati huo ilikuwa ikisukuma chumvi kwa sababu nyingine nzuri. Katika nyanda za juu tezi la shingo lilikuwa limeenea kwa upungufu wa madini joto, na serikali ziliamuru madini hayo yatiwe katika chumvi, kwa kuwa ndicho kitu pekee kinachofika kila nyumba. Ilifanikiwa. Ilimaanisha pia kwamba pakiti ileile ilibeba jumbe mbili zilizovutana: itumie, usiizidishe. Kwa kweli hazigombani, maana kiasi cha madini joto hupangwa kiwandani na kinaweza kutosha hata kwa mlaji wa chumvi kidogo, lakini bango la zahanati halina nafasi ya kueleza hayo yote.

Leo uchunguzi wa kitaifa wa Kenya na wa Tanzania unaonyesha karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana shinikizo la juu, na wengi wao hawajui. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Ulaya na Marekani sehemu kubwa ya chumvi huingia kupitia vyakula vya kiwandani, kwa hiyo serikali zina viwanda vya kuzungumza navyo. Afrika Mashariki kiasi kikubwa bado hutoka kwenye mkono wa mpishi na kopo la mezani, juu ya chipsi, kachumbari na mayai, ingawa mkate, soseji na viungo vya pakiti vinajiongezea fungu lao mwaka hata mwaka.

Kwa hali ya namna hiyo, jaribio lililofanywa katika vijiji 600 vya China lina maana ya pekee. Watu 20,995 waliokuwa wamewahi kupata kiharusi, au wazee wenye shinikizo la juu, waligawanywa kwa vijiji: nusu ya vijiji iliendelea na chumvi ya kawaida, nusu ikapewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, baada ya karibu miaka 5, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 katika vijiji vya chumvi mchanganyiko. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza chumvi za aina hiyo kwa matumizi ya nyumbani, isipokuwa kwa watoto, wajawazito na watu wenye figo dhaifu, ambao potasiamu ikijikusanya katika damu yao huweza kuusimamisha moyo. Mchanganyiko huo haufanani na musherekha kwa ladha wala kwa kemia yote, kwa kuwa potasiamu ya majivu imefungamana kwa sehemu kubwa na kaboneti badala ya kloridi, na ndiyo maana hulainisha kunde na huwasha ulimi. Hata hivyo, madini yaliyopunguza kiharusi katika vijiji vile ni yaleyale yaliyochuruzika kutoka kwenye chungu kilichotobolewa.